Shika Mwenyewe Anakabidhi Funguo

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne kazini, fundi mkuu wa chuo chetu anakabidhi funguo za karakana. Kwenye jalada lake ana jina la heshima. Kwetu sisi ni Shika Mwenyewe.

Jina hilo alijitafutia. Ukimpelekea kiti kilicholegea mguu, alikusikiliza kwa adabu zote, kisha akakukabidhi bisibisi na kukuambia ushike mwenyewe. Mimi, mtunza maktaba, mwaka wangu wa kwanza nilimpelekea rafu iliyoinama, nikitegemea kuikuta tayari baada ya chai. Niliondoka na malengelenge mawili, rafu begani, nimenuna. Rafu hiyo imesimama hadi leo, na kila mgeni lazima nimwonyeshe.

Alianza kama mfagiaji wa ua, akajifunza umeme, mabomba na useremala kwa kuuliza na, kama anavyokiri, kwa kuharibu. Husema kwamba mtu anayesubiri kufanyiwa kila kitu anawaachia wengine waishi kwa niaba yake. Saa ya mapumziko aliacha simu karakana, akaenda kukaa nyuma ya tangi la maji, kwenye nyasi alizokataa zifyekwe, akitazama siafu na mawingu. Tulimcheka. Siku hizi nafasi pale ni ya kugombania.

Mkuu wa chuo naye ana lake. Ndege alipotaga ndani ya kiyoyozi cha ofisi yake, fundi aligoma kukiwasha mpaka makinda waruke. Siku mbili mkuu alitokwa jasho akinung'unika, ya tatu akafungua madirisha. Makinda waliruka zamani, na kiyoyozi hakijawashwa tena.

Mwaka huu uongozi ulimwomba aongeze miaka miwili. Tuliogopa, tena sana, kwamba akiondoka chuo kitasimama. Yeye alikuwa na hofu yake: kwamba miaka yote hiyo hakutufundisha kitu. Akachukua likizo ya wiki mbili, akazima simu, akasema atatoa jibu akirudi.

Siku ya tatu pampu ikafa, mabweni yakakosa maji. Mpishi mkuu, katibu muhtasi na mimi tukabeba spana. Tuliifungua, tukaisafisha, tukaifunga, na maji yakarudi yalikotoka, kwa sababu valvu ilikuwa imefungwa nyuma mbele. Mpishi alitucheka mpaka akakaa chini, ingawa aliyeifunga ni yeye. Tukaanza upya. Saa kumi jioni maji yalipanda.

Fundi aliporudi aliikagua pampu, akagusa kiungo kimoja kimoja. Machozi yakamlengalenga. Akauambia uongozi kwamba sasa anaweza kwenda.

Anahamia shamba dogo, kwenye nyumba ya vyumba viwili anayoijenga kwa mikono yake, isipokuwa madirisha, ambayo mkewe amesema atayachagua yeye. Mkewe ameongeza kwamba huko jikoni, mumewe ataushika mwiko mwenyewe.

Asante, fundi, kwa kutunyima msaada kwa upendo mwingi hivyo. Uishi kwa afya na furaha, na nyasi zako zisiguswe na mtu.

Kuna jambo moja hatukukuambia. Tulipomaliza kufunga pampu, nati moja ilibaki. Iko mezani kwangu. Tafadhali usituambie mahali pake. Tutapatafuta wenyewe.