Hartley Relph na Njia ya Skelgarth

Marehemu Hartley Relph alizaliwa tarehe 3 Machi 1949 katika shamba la Skelgarth, hapa Brackenby, Cumbria. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Isaac na Ada Relph. Alifuatiwa na dada yake, Avril, anayefuga kondoo pale pale hadi leo.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha sekondari mjini Penrith. Hesabu zilimtoa jasho, lakini kwa kuchora hakuwa na mpinzani.

Mwaka 1967 aliajiriwa na ofisi ya barabara. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za amri za kufunga au kuhamisha njia barabara mpya inapojengwa. Njia ya umma inayofungwa aliitia milia, na mlango wa shamba unaozibwa aliukata kwa mstari mnene mweusi.

Tarehe 12 Juni 1976 alimwoa Thelma, wakajaliwa binti mmoja, Rowena. Kwenye kadi za harusi alichora ramani na kuonyesha hadi malisho ya fahali. Mchungaji aliipuuza, akakatiza malisho yale, akafungisha ndoa ile joho likiwa limepasuka.

Tangu zamani, wafu wa Skelgarth hubebwa mabegani kupitia mashambani hadi kanisani. Hartley alimbeba baba yake hivyo mwaka 1979, na mama yake mwaka 1985. Mwaka 1992 ukaja mpango wa barabara kuu mpya ya kuikata njia ile, na ramani ya kuifunga ikaangukia mezani kwake. Alikwenda kwa Avril siku hiyo hiyo.

"Andika pingamizi, dada. Mimi siruhusiwi, ndimi ninayechora."

"Kama unachora wewe, pingamizi la nini? Si uisogeze tu hiyo barabara!"

"Mimi sipangi, Avril. Nachora walichopanga wao."

"Ebu kunywa chai yako huko!"

Avril alidhani ni utani. Aliamini kaka yake hawezi kuifunga njia ya kwao. Kondoo walikuwa wanazaa, na wiki sita za kupokea pingamizi zikapita. Hartley alimwendea mkuu wake, akajibiwa kwa upole kwamba muda umekwisha. Akarudi mezani, akatia milia. Iliwauma yeye na dada yake, na hawakuwa na la kufanya.

Mwaka 2019 alipatwa na maradhi ya kutetemeka, mkono ukakataa kalamu. Siku zake za mwisho alimuuliza Avril, "Mtanipitisha wapi?"

"Barabarani, kaka. Hakuna pengine."

"Najua. Niliichora mwenyewe."

Aliaga dunia tarehe 9 Novemba 2024, Avril akiwa amemshika mkono.

Asubuhi ya leo majirani walifika Skelgarth bila kuitwa, wakamweka mabegani kama ilivyokuwa desturi. Walimbeba hadi kwenye uzio wa barabara kuu, njia inapoishia. Kanisa lilikuwa ng'ambo tu, tukilitazama, na malori yakipita. Walisimama kidogo, kisha wakageuka, wakamrudisha uani na kumwingiza garini, aje hapa kanisani kwa barabara.

Ameacha mjane, Thelma, binti, Rowena, wajukuu wawili, na dada yake, Avril, wa mwisho kubaki Skelgarth.

Pumzika kwa amani ya Bwana, Hartley. Tumekuzungusha, lakini umefika.