Sentimita Mbili za Pijo ya Marehemu Musau

Benchi langu liko nyuma ya soko hapa Machakos, kando ya gereji ya Levi, na kahawa yangu ya tangawizi huisha kabla maneno ya wateja wangu hayajaisha. Mimi ni Luul. Levi tunamwita Spana, maana hata akila chapati spana iko mkononi. Abdikadir ni Kilo: anauza ng'ombe, hukadiria uzito wao kwa jicho, na ukimbishia hununa siku mbili. Bartholomew ni Ramani. Zamani aliwabebea wapima ardhi vyombo vyao, na tangu hapo hakuna asilolijua. Asubuhi hiyo Muema alikuwa ameleta Pijo 504 ya babake, marehemu Musau. Jumamosi dada yake Ndunge anaolewa, na anataka kupelekwa kanisani na gari hiyo, lakini gari imelala kushoto. Spana alikuwa ameshachomeka grinda, tayari kukata springi ya kulia. Springi ikikatwa hairudi.

Spana: Nimepima kutoka katikati ya tairi mpaka ukingo wa madigadi. Kushoto thelathini na sita. Kulia thelathini na nane. Hiyo ya kulia ni ndefu, nakata.

Muema: Upepo wa tairi uliangalia?

Spana: Niliangalia kabla hujauliza. Na hapa ni simiti, si mlimani.

Kilo: Utaharibu gari ya watu. Ya kulia iko sawa, ya kushoto ndiyo imechoka. Ng'ombe akilalia upande mmoja, huo upande unakonda.

Spana: Sasa Pijo ni ng'ombe?

Kilo: Iko na miguu minne. Halafu Musau alikuwa anabeba maembe kutoka Matuu. Maembe inabebwa kushoto.

Muema: Kwa nini kushoto?

Kilo: Kulia si kuna dereva?

Ramani: Mnatafuta shida kwa gari na shida ni barabara. Hii Kenya tunaendesha kushoto, na barabara imeinamishwa kushoto ndio maji iteremke. Miaka arobaini gari inaegemea huko. Hata wewe ungeegemea.

Muema: Basi gari zote za Machakos zingekuwa zimelala.

Ramani: Zimelala. Hakuna mtu amewahi kupima.

Niliwaongezea kahawa. Sijaona mtu akisema "sijui" kwenye benchi hili, na nimekaa hapa miaka sita.

Ramani: Na kuna lingine. Tangu waanze kujenga ule mji mpya kule Konza, ardhi yote imeegemea upande ule. Mimi nimebeba vyombo, najua.

Spana: Haya, tugeuze gari. Kama ni ardhi, sasa italala kulia.

Waliisukuma wote wanne wakihema, mpaka pua ikaelekea ulikokuwa mkia. Spana akapima tena. Kushoto thelathini na sita, kulia thelathini na nane.

Spana: Umeona?

Ramani: Ardhi haigeuki haraka hivyo.

Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa. Muema hakucheka.

Muema: Mimi nataka tu inyooke. Baba hangekubali Ndunge apigwe picha kwa gari imelala hivi. Kata, Spana. Kata tumalize.

Kwa kweli nilimhurumia. Spana akavaa miwani, akapiga jeki upande wa kulia. Alikuwa bado hajatoa tairi wakati Loise alipofika, mjane wa Musau na mamake Muema, mwanamke mdogo wa umbo, leso imefungwa vizuri kichwani. Alikuwa anatoka sokoni na akataka kujua kazi ya gari imefika wapi. Wote wakasimama kumsalimia. Muema akamweleza habari ya sentimita mbili. Loise aliitazama ile tepu ya kupimia, kisha akamtazama Spana.

Loise: Na mkipima, nani amekaa kwa kiti ya dereva?

Spana akamtazama Kilo. Kilo akamtazama Ramani. Ramani akatazama ndani ya kikombe, na kikombe kilikuwa kitupu.

Muema: Hakuna mtu, mwaitu.

Loise: Baba yako si ulijua mwili wake. Akiingia tu, gari inalala kwake. Akaenda akaongezewa raba juu ya springi za huo upande, ndio akikaa isimame sawa. Hiyo gari haijaharibika. Ilipimwa na yeye akiwa ndani.

Grinda ilibaki sakafuni. Mimi nilimfahamu Musau, alikuwa akija kwangu anakalia nafasi ya watu wawili.

Spana: Basi hatukati, mama. Natoa hiyo raba, nusu saa tu, inanyooka.

Muema: Usitoe.

Spana: Na picha?

Muema: Wapige ikiwa hivyo.

Spana akateremsha jeki. Loise akazunguka, akafungua mlango wa kushoto, akakaa mbele na kikapu chake kizito magotini. Muema, ambaye ni mwembamba kama mamake, akaketi mahali pa babake na kuwasha injini. Gari ikaondoka imelala kushoto zaidi kuliko asubuhi.