Mama Foleni na Bomba Lisilopanuka

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi mkuu wa mtandao wa hospitali yetu, ambaye sote tunamwita Mama Foleni, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Wakubwa wameniomba niandike wasifu mfupi na wa kistaarabu. Mfupi nitaweza.

Alianza kama mpokea simu katika chumba cha chini ya ngazi, kile kile ambacho leo kina ruta, mtambo unaogawa intaneti, na nyaya zake. Intaneti ilipoletwa, laini ya kutoka nje ilikuwa moja, nyembamba, na kila mtu aliisukumia mzigo wake. Eksirei iliyokuwa ikienda kwa daktari bingwa wa mbali ilikwama nyuma ya video za harusi kutoka ghorofa ya nne, kwa wakubwa. Ruta ikizidiwa, ilikuwa inamwaga data, na picha ya mgonjwa inaanza safari upya.

Mama akaipanga. Ruta itoe kwa kasi ambayo laini inaihimili. Kinachozidi kisubiri kwenye foleni, kisimwagwe. Eksirei mbele, maabara wafuate, kisha ofisi. Sisi alitufundisha kwa maneno machache: bomba halipanuki kwa cheo cha mwenye ndoo.

Mkurugenzi wa wakati huo alishuka ngazi mwenyewe, na barua mkononi, kudai ghorofa yake ipite kwanza. Mama aliipokea kwa adabu zote, akaigonga muhuri, akamweleza kwamba nayo imeingia foleni. Ana barua tatu za onyo. Amezitia fremu.

Na asiseme mtu kwamba alijipendelea. Ofisi yetu aliiweka mkiani kabisa. Kila mchana alipompigia kwa video mjukuu wake aliye ng'ambo, yeye ndiye aliyeganda kwenye simu ya mtoto, mdomo wazi, katikati ya salamu. Tulimsihi ajisogeze hatua moja tu. Alitufokea: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Wiki iliyopita tumeletewa waraka: kuanzia Jumatatu, Mama akishaondoka, ghorofa ya nne ipewe njia yake ya kwanza. Wamemngoja aondoke, hawakuthubutu akiwepo. Basi nasema hapa hapa, kwenye karatasi ya sherehe: sisi mafundi watatu aliotulea tumekataa, na tumetia sahihi. Fremu tunazo.

Asante, Mama. Umetufunza kazi, umetufunza na shingo ngumu. Kapumzike kwa afya na furaha, ukaongee na mjukuu mpaka achoke yeye.

Wasifu huu, pamoja na picha zake, umetumwa kwa mchapaji kutoka chumba cha chini ya ngazi. Umengoja eksirei kumi na nne zipite. Jumatatu pia zitapita kwanza.