Siku Mama Mvuke Alipokubali Kukaa Kitini

Tarehe 30 ya mwezi huu, saa kumi alasiri, msimamizi wa chumba cha kufulia katika hospitali yetu ya kanisa anastaafu baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi. Katika muda wote huo alilazwa mara mbili tu, zote kwa kujifungua, na hata hapo hakwenda mbali: wodi ya wazazi iko hatua sitini kutoka mlango wa chumba chake, na shuka alizolalia alikuwa amezifua mwenyewe.

Hapa kazini anaitwa Mama Mvuke. Wagonjwa humwita hivyo, madaktari humwita hivyo, na mumewe, fundi cherehani mpole anayekuja kumsubiri langoni kila jioni, naye humwita hivyo. Jina lilitokana na mlango wa chumba cha kufulia, ambao ukifunguliwa asubuhi hutoa wingu zito la mvuke, na kutoka ndani ya wingu hilo husikika sauti ikiuliza ni nani ameingia na viatu vyenye udongo. Sauti hutangulia, mwenyewe huonekana baadaye.

Alipoajiriwa tulikuwa na mabeseni manane ya saruji na boila moja lenye kikohozi, na alikuwa wa mwisho katika orodha ya wafuaji sita. Leo chumba kina mashine nne na wafanyakazi tisa, na kinatoa shuka mia sita kwa siku. Wafanyakazi wote tisa amewafundisha yeye. Mtu akikunja shuka vibaya hamgombezi, bali huikunjua na kuikunja upya mbele yake, polepole, bila neno. Wanaomjua husema afadhali angegomba.

Kazi yake kubwa kuliko zote ni tepe. Mafurushi ya nguo za chumba cha upasuaji ni lazima yapite katika mashine ya mvuke ili wadudu wa maradhi wafe. Zamani furushi lililopita na lisilopita yalilala kwenye rafu moja, na mtu alitegemea kumbukumbu yake. Katika mwaka wake wa tisa Mama Mvuke alichana vitambaa vyekundu na vyeupe, akaweka kanuni: furushi ambalo halijapita mvuke hufungwa utepe mwekundu, na furushi lililopita hufungwa mweupe. Utepe mweupe haufungwi mpaka furushi litoke mashineni, na mfungaji alisikie joto lake mkononi. Siku hizi tunazo karatasi zinazobadilika rangi zenyewe, lakini tepe hazijaondolewa. Madaktari wageni hushangaa kuziona, kisha huondoka na vipande viwili mfukoni ili wakaige kwao.

Msomaji atauliza kwa nini mtu wa namna hii hajawahi kuonekana katika jarida hili. Jibu ni kwamba amekataa. Kwa miaka kumi na tisa Mama Mvuke hakupokea cheti, hakupigwa picha wala hakusimamishwa mbele ya watu. Jina lake lilipopendekezwa, alilifuta. Mwezi uliopita alipoarifiwa kuhusu sherehe hii, alijibu kwa mstari mmoja, kwa mwandiko mzuri: "Niliingia kwa mlango wa nyuma, nitatoka kwa huo huo. Ahsanteni."

Wengi walidhani ni unyenyekevu, na neno hilo siku hizi linahitaji kuangaliwa kwa makini kabla ya kutumiwa. Tunaishi katika zama ambazo mtu akitaka kumvusha kipofu barabara, kwanza humtafuta wa kumshikia simu. Miaka minne iliyopita walikuja wageni wakarimu na mablanketi arobaini na mpiga picha. Mgonjwa mmoja mzee alikabidhiwa blanketi, likachukuliwa, akakabidhiwa tena, likachukuliwa tena, hadi mara ya tatu, kwa sababu kila mara kulikuwa na mtu aliyefumba macho pichani. Mama Mvuke alikuwa mlangoni na toroli lake la shuka. Alisema, kwa sauti ambayo hakukusudia isikike mbali, "Mzee wa watu ameshikwa mkono mara tatu, na baridi yake iko palepale." Kisha akaingia, akamfunika mzee mabega, akasukuma toroli lake. Mpiga picha hakuiwahi hiyo.

Lakini kisa cha yeye kujificha kilikuwa kingine. Ametupa ruhusa kukieleza, kwa sharti kwamba kielezwe chote.

Katika mwaka wake wa kumi na tano alichaguliwa kuwa mfanyakazi bora. Siku ya kukabidhiwa cheti wageni walikuwa wamejipanga uani, na mhudumu alitumwa mara tatu kwenda kumwita. "Mama, twende basi! Jua linaondoka, na mpiga picha anataka kuondoka nalo!" Mafurushi matano yalikuwa yametoka mashineni, naye alikuwa akiyafunga tepe nyeupe. La sita lilikuwa bado juu ya kiti cha mbao kilicho karibu na mashine, likingoja zamu. Kwa ile haraka, mkono wake ukapitiliza: ukafungua utepe mwekundu wa la sita na kulifunga mweupe. Alikusudia kuliingiza mashineni mara tu atakaporudi. Kuufunga utepe mapema kulimpunguzia nusu dakika.

Akapigwa picha, akapigiwa makofi. Aliporudi, kiti kilikuwa kitupu. Kwa furaha ya siku ile alidhani mwenzake wa zamu ameshaliingiza furushi, asiulize.

Siku nane baadaye alisikia kwamba mama mmoja aliyejifungua kwa upasuaji alasiri ile ile kidonda chake kimetunga usaha, na kwamba muuguzi aliyeandaa meza ya upasuaji, binti mwenye miezi minne kazini, atafukuzwa kwa uzembe. Barua ya kumfukuza ilikuwa imeshapigwa chapa. Aliyeipiga ni mwandishi wa makala haya. Mama Mvuke akamwendea mwenzake. "Lile la kwenye kiti uliliingiza wewe?" Mwenzake akamkazia macho. "Lipi tena? Wa upasuaji alikuja akakuta yote meupe, akayabeba yote."

Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua. Mwenzake alipoelewa alimshika mkono na kumsihi anyamaze. "Fikiri, mama. Wewe una watoto wawili. Yule binti hana hata paka." Mama Mvuke alivua aproni, akaitundika, akavuka ua kwa mabuti yaliyolowa. Kamati ya nidhamu ilikuwa imekaa, na binti amesimama mbele yao akilia. Cheti chake cha siku nane alikiweka mezani. "Barua hiyo msimpe binti huyu," alisema. "Utepe niliufunga mimi, na niliufunga kwa ajili ya picha."

Alivuliwa usimamizi na kurudishwa kwenye mabeseni ya saruji kwa miaka miwili, ndipo akarudishiwa cheo. Hakulalamika. Kwa wiki tatu alizolala yule mama mgonjwa, Mama Mvuke alimfulia nepi za mtoto kwa mkono kila asubuhi. Alimweleza ukweli wote na kumwomba msamaha. Siku mbili mama yule aligeukia ukutani. Siku ya tatu alinyoosha mikono na kumpa mtoto ambebe. Alipona, na mtoto huyo sasa ana kimo cha kugonga kichwa mlangoni.

Hapo ndipo anapostahili neno unyenyekevu. Wengine hulitumia kwa maana ya kujidharau, wengine kwa maana ya kuongea taratibu. Mtu mnyenyekevu husema kweli kuhusu kimo chake mwenyewe, bila kukiongeza wala kukipunguza, na huisema hasa pale ambapo uongo ungemfaa. Ulimwengu wa sasa unatufundisha kuonyesha tulichokitenda vizuri na kufuta kilichoharibika. Mwanamke huyu alichukua kosa ambalo lingeweza kubebwa na mwingine, akalibeba mchana kweupe, na cheti akakirudisha.

Ila kulikuwa na deni moja la moyo lililobaki. Yule binti alikaa kazini, akasoma, akapanda cheo, na leo ni metroni wetu, anayewaongoza wauguzi mia na kumi. Kwa miaka kumi na tisa alitaka kusema ahsante mbele ya watu, na kwa miaka kumi na tisa alikatazwa. Kila alipojaribu aliambiwa, "Kanishukuru kwa kunawa mikono, mwanangu." Aliposoma ule mstari kuhusu mlango wa nyuma, aliona kwamba nafasi yake ya mwisho inapita. Mama Mvuke akitoka bila kushukuriwa, atatoka akiwa bado anajiadhibu, na wote tutakuwa tumemsaidia kujiadhibu.

Alikwenda chumba cha kufulia saa ya chai na kumkuta akihesabu foronya. Waliokuwapo wanasimulia hivi. Metroni alisema, "Mama, Bwana wetu alipojifunga taulo kiunoni, kuna mmoja alikataa kuoshwa miguu."

"Petro," akajibu Mama Mvuke, akiendelea kuhesabu.

"Alidhani anajishusha. Akaambiwa asipooshwa hana sehemu na Bwana wake."

Foronya zikasimama. Kupokea nako kunahitaji mtu ashuke, na huko ndiko alikokuwa hajawahi kushuka. Alimgeukia metroni, akauliza, "Sasa wewe umekuja na beseni?"

"Nimekuja na aproni, mama. Jumanne tunakufanyia zamu yako. Wewe utakaa kwenye kiti."

Ni kile kiti cha mbao. Katika miaka thelathini na minne hakuna aliyewahi kumwona amekikalia. Kilikuwa cha mafurushi.

Jumanne iliyopita, saa moja asubuhi, walijipanga mlangoni metroni, daktari mkuu wa upasuaji, mchungaji wa hospitali, mhasibu na dereva wa gari la wagonjwa, wote wamevaa aproni zilizowapwaya. Mama Mvuke alikaa. Alikaa kama mtu aliyeketishwa juu ya mayai, mikono magotini, na akaahidi kutosema neno. Ahadi hiyo haikumaliza saa moja.

Daktari mkuu, ambaye amevaa gauni za kijani kwa miaka ishirini pasipo kujiuliza hufuliwaje, alikusanya gauni mpya za upasuaji, zilizofika wiki hiyo hiyo, akazitia pamoja na shuka sitini za wodini, akafungulia maji ya moto hadi mwisho. Mashine ilipofunguliwa, shuka zote sitini zilikuwa na rangi ya mbaazi mbichi. Mchungaji alianza kusema jambo kuhusu uumbaji, akaacha. Ndipo ikasikika ile sauti ya mvuke: "Daktari! Wewe unaweza kumpasua wa tumbo na wa mguu kwenye meza moja? Nguo nazo zina wodi zao!" Naye akacheka mpaka akajishika mbavu, na metroni akacheka mpaka akalia, na haikujulikana tena kwake ni lini kicheko kiliishia na machozi yakaanzia. Alipiga goti mbele ya kile kiti na kusema alichokuwa amekibeba miaka kumi na tisa. Safari hii hakuambiwa akanawe mikono. Mama Mvuke alimwekea mkono kichwani, akasema, "Nimepokea, mwanangu. Nimepokea."

Alasiri hiyo mpiga picha wa jarida alikuwa tayari uani. Mtu akaja mlangoni kumwita mama, kwamba mwanga ni mzuri sasa hivi. Mama Mvuke alielekeza kidole kwenye mashine ya mvuke, ambamo furushi la mwisho la siku lilikuwa limeingia punde tu. "Mwambie asubiri." Mpiga picha alisubiri dakika arobaini na tatu, akapoteza ule mwanga mzuri wote. Furushi lilitoka. Metroni aliliondolea utepe mwekundu, Mama Mvuke akaweka kiganja juu yake mpaka akaridhika na joto, na wawili hao, mmoja akishika na mwingine akikaza, wakalifunga utepe mweupe. Kisha ikapigwa picha mnayoiona katika ukurasa wa mbele. Ina kivuli kidogo, na hatutaomba radhi kwa kivuli hicho.

Mama Mvuke, umetufunza kwamba kazi isiyoonekana hulindwa na mtu anayeogopa Mungu hata asipotazamwa, na kwamba mtu mkubwa anaweza kusema "ni mimi" mbele ya wadogo wake akabaki mkubwa. Wagonjwa wasiohesabika wamelala pakavu na kupona kwa mikono yako, na wengi wao hawakujua jina lako. Kwa niaba yao, na kwa niaba ya wote waliowahi kuingia chumbani mwako na viatu vyenye udongo, tunasema ahsante, na mara hii hatuombi ruhusa.

Zile shuka sitini tumekataa kuzitupa. Zimepelekwa wodi ya wazazi, hatua sitini kutoka mlango wako, na akina mama wanazigombania wakidhani ni za heshima maalumu. Hatujawasahihisha, maana hawajakosea.

Tarehe 30 utatoka kwa lango kuu, tukiwa tumejipanga pande zote mbili, na fundi cherehani wako akikusubiri mahali pake pa kila siku. Kiti kile utaondoka nacho; dereva ameshaandaa nafasi ndani ya gari. Mungu akupe afya, akupe siku nyingi na wajukuu wenye kukunja nguo vizuri, na popote utakapokiweka kiti hicho, pasiwe na furushi juu yake.