Mguu wa Moto Haukandwi

Wazee wetu wa Poli, Mchungaji, wajomba zetu kutoka Engutoto, na ninyi wageni mliopanda mlima tangu alfajiri kutoka Ngarenaro, poleni kwa msiba na ahsanteni kwa kufika. Habari hizi zinasomwa kwa Kiswahili kwa ajili yenu wageni, wazee wasiokijua watafasiriwa, na anayesoma ni Mwalimu Eliamini, mdogo wake marehemu, ambaye familia imemtaka asome yote, hata yale ambayo msibani huwa tunayafunika kwa heshima.

Marehemu Hanna Ndeshi alizaliwa hapa Poli, mteremko wa kusini wa Mlima Meru, mwaka ambao hakuna aliyeuandika, maana kalamu ilikuwa haijafika huku, ila mama yetu alikuwa akisema alikuja na mvua za masika, na sotoka ilipoua ng'ombe alikuwa binti wa kama miaka kumi na mitano, kwa hiyo sisi tumeandika 1876, na anayejua zaidi atusahihishe. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto saba, na leo amebaki mmoja, ndiye huyu aliyesimama mbele yenu na karatasi.

Darasa hakuliona, lakini msiseme hakusoma, kwani alipelekwa Engutoto kwa bibi yetu mzaa mama, Nkasiogi, Mwarusha, mkandaji ambaye watu walimletea wagonjwa wao kutoka mwendo wa siku mbili, na huko alikaa miaka sita. Miaka mitatu ya kwanza hakuruhusiwa kumgusa mtu, alipewa ngozi za mbuzi azilainishe kwa mafuta, mpaka vidole vikajua penye ugumu pasipo kuonyeshwa. Baadaye alifundishwa kupasha viganja moto kabla ya kumshika mgonjwa, kuanza mbali na maumivu na kuyakaribia taratibu, kupandisha mikono kuelekea moyoni na si kuishusha, kulikandamiza fundo la mgongo kwa kidole gumba na kulingojea, bila kushindana nalo, hadi pumzi ya mtu ilegee, na kumtazama mtu usoni wakati wote, kwa sababu mdomo wa mwanamume utasema hakuna maumivu na uso utakuwa unalia. Na alipewa sheria moja kuu, kwamba kabla ya kukanda mguu uweke mgongo wa mkono kwenye kigimbi cha huu na cha ule, na mmoja ukiwa umevimba na una moto kuliko mwenzake, uutoe mkono wako, uulaze mguu juu ya mganda wa majani ya mgomba, ungoje. Bibi alikuwa akisema hivi: "Mguu wa moto haukandwi, hata akikuomba baba yako."

Mwaka 1894 marehemu aliolewa na Sumari wa hapa Poli, mtu wa maneno machache na migomba mingi, pombe ikanywewa siku tatu, na wakajaliwa watoto watano, wanne wakachukuliwa na ndui na njaa kabla hawajaota meno ya pili, akabaki Tabea, aliyezaliwa 1896. Jumapili ya Pentekoste, tarehe 7 Juni 1908, wote watatu walibatizwa, na Ndeshi akachagua jina la Hanna, kwa sababu, alisema, huyo naye alilia mpaka watu wakadhani amelewa.

Kazi yake ninyi mnaijua kuliko karatasi hii, maana nusu ya migongo iliyopo hapa imepita mikononi mwake. Ilipoanza kazi ya barabara, wanaume wakawa wanakwenda kuvunja na kubeba mawe, wanarudi wamejikunja, na Hanna aliwakanda mmoja mmoja uani kwake, akawanyoosha, na kesho yake wakaweza kurudi kubeba tena. Hilo lilimla moyo, tusidanganyane hapa, akasema yeye anawanoa watu kama majembe ili wakalime shamba la mwingine, lakini angefanya nini, asiyeweza kusimama alipigwa kiboko hamsa ishirini, yaani mara ishirini na tano, na hakuna mganga aliyekanda mgongo baada ya hapo ukarudi kuwa mgongo.

Mwezi wa Agosti 1912 jiwe lilimwangukia Sumari mguuni, mfupa haukuvunjika, akaletwa nyumbani, akalala siku tisa, na mguu ukavimba. Msimamizi wa barabara, ambaye jina lake familia haitaki lisikike siku ya leo, alituma neno kwamba Jumatatu Sumari aonekane kazini amesimama, ama apigwe akiwa amelala. Jumapili tarehe 18, baada ya ibada, Hanna aliweka mgongo wa mkono kwenye kigimbi cha mumewe, akaweka kwenye cha pili, akajua. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu Sumari alimwambia, "Mama Tabea, moto wa mguu naujua na kiboko nakijua, nikande," na Hanna akapasha viganja, akaanza mbali, akapandisha kuelekea moyoni kama alivyofundishwa, kwa upole wote aliokuwa nao. Sumari akasema amepata nafuu, akainuka, akatembea hatua nne hadi mlangoni, Tabea akiwa anatazama, akashika kifua kana kwamba amekosa hewa, akaanguka, akafa.

Sista wa misheni alieleza kwa huruma kwamba damu ilikuwa imeganda mguuni na ikapanda kifuani, na hakujua kwamba kwa huruma ile alimaliza kila kitu, kwa sababu Hanna alijua ni nani aliyeipandisha. Wazee mlikaa, mkamwambia ni mapenzi ya Mungu, hakuna aliyemlaumu, na jamani, pengine tungemlaumu angalau kidogo angepata pa kubishana, lakini tulimsamehe upesi upesi, tukamwacha peke yake na jambo lake. Aliwaambia watu asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila yeye hakuvunjika guu, alivunja la mwenzake. Tangu siku hiyo hakumkanda mtu, wenye migongo walikuja wakasimama nje ya ua, akajifungia ndani, wakaondoka wakichechemea na baadhi yao wakapigwa, na hilo nalo akalihesabu kuwa ni lake. Alimfundisha Tabea kazi yote kwa maneno tu, bila kumgusa, na ile sheria alimkaririsha kila asubuhi kama sala.

Ugonjwa ulianza mapema Septemba mwaka huu 1915, baada ya wiki nzima ya kutwanga mahindi ya askari, akashikwa na homa, akalala kitandani wiki nne, na mguu wa kushoto ukavimba. Jumapili tarehe 3 Oktoba alimwita Tabea, akamwambia, "Nikande, mwanangu." Tabea aliweka mgongo wa mkono huku na huku, na mguu ulikuwa wa moto, akamkumbusha mama yake sheria, na mama akajibu kwamba sheria anaijua, ndiyo maana anaomba. Tabea akaelewa alichoombwa, akatoka, akaketi nje kando ya ukuta wa nyumba akiwa na viganja vyake kwapani. Marehemu aliomba hivyo siku kumi na moja, kwa sauti iliyozidi kupungua, na binti yake alimpangusa uso, alimnywesha, alibadilisha majani ya mgomba chini ya mguu ule, na hakuukanda.

Hanna Ndeshi alifariki Alhamisi tarehe 14 Oktoba 1915, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka kama thelathini na tisa, na ameacha mtoto mmoja na mdogo mmoja, mjukuu hana.

Familia inamshukuru sista wa misheni kwa dawa na kwa kweli yake, majirani wa Poli kwa maji, kuni na machela, na wanaume wa barabara, mliokandwa na mikono hii, ambao jana mlichimba kaburi na migongo yenu ile ile, ambayo leo hatuna wa kuinyoosha, kwani Tabea amesema kazi hii inaishia kwake.

Jana wanawake walipotaka kumwosha marehemu, Tabea aliwaomba wangoje nje. Aliweka mgongo wa mkono kwenye kigimbi cha kushoto, akaweka kwenye cha kulia, vyote vilikuwa baridi, havikupishana, ndipo akayeyusha mafuta, akapasha viganja, akamkanda mama yake kuanzia unyayo hadi kwenye nyonga, polepole, kama anayeogopa kumwamsha.

Pumzika sasa kwa amani, dada yangu Ndeshi, mguu umepoa.