Bibi wa Kwenye Miwani

Kijiwe cha mbele ya stesheni ya Mpanda hakina mwenyekiti, lakini kina wasemaji kuliko bunge. Asubuhi hiyo ya mwaka tisini na sita mada ilikuwa moja tu: Pontien, fundi baiskeli wa Katumba, ambaye kijiweni wanamwita Pedeli. Jana yake madaktari watafiti walimpandisha baiskeli isiyokwenda popote, wakambandika nyaya kifuani na kumvisha miwani mizito iliyofunika uso mzima, na ndani ya miwani mlikuwa na barabara. Walikuwa wanapima pumzi za watu wazima wenye afya, waone kama picha zinamsahaulisha mtu uchovu. Pedeli alikanyaga mpaka madaktari wenyewe wakapiga makofi. Sasa kijiwe kinamsifu, naye kanuna kama kafiwa.

— Umetutoa kimasomaso! alisema Stanslaus, ambaye kwa ujuaji wake huitwa Profesa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mbona umejikunyata?

— Nimempita bibi.

— Bibi gani tena?

— Wa kwenye miwani. Kasimama kando ya barabara na kitenge chake, kaninyooshea mkono. Sikushuka.

Kote walikolelewa hawa wa kijiweni, kumpita mzee ukiwa juu ya tandiko ni tusi. Unashuka, unaegemeza baiskeli, ndipo unasalimia. Lakini daktari alikuwa amesema: kanyaga, usisimame.

— Picha ile, bwana! Profesa alicheka. Asiyekuwepo na lake halipo. Bibi hayupo, na salamu yake haipo.

— Uso wake ukoje? aliuliza Lyamba, Msukuma mwenye ng'ombe wengi na haraka kidogo.

— Hana uso. Vipande vipande tu, kama maboksi. Ila kile kimo, ule mkono... Nilimuona mama.

Pontien alikimbia Burundi mwaka sabini na mbili, akapokewa Katumba na wakimbizi wenzake. Mama yake alibaki, na hawakuagana. Tangu jana roho ilikuwa inamsuta. Alitaka awahi kwa madaktari kabla hawajaondoka, awaombe wamvishe tena ile miwani, safari hii ashuke. Aibu ndiyo iliyomkalisha, hadi sasa alipowaambia.

— Usiende, Pedeli, alisema Lyamba. Miwani ile ni ya ng'ombe. Kiangazi watavalishwa, waone majani mabichi, wanenepe huku wanalamba mchanga.

— We nawe ng'ombe tu! Profesa akadakia. Ile ni ya barabara. Mwakani tunagawiwa wote, tukienda Tabora tuone lami. Shimoni utaingia, ila utaingia unacheka.

— Na tukila mchicha tuone kuku, aliongeza Cletus, muuza kahawa.

— Haba na haba hujaza kibaba! Profesa akarudi. Wameanza na jasho lako, Pedeli. Ukirudi, wanamchukua na huyo mama, wanampitisha kwenye waya mpaka Ulaya!

— Basi bora niende nimsalimie kabla hawajamchukua, alisema Pontien, akasimama.

Alikuwa hajavuka barabara Landrova ya madaktari ilipopita na vumbi lake, ile baiskeli imefungwa nyuma chini ya turubai. Dereva hata hakupunguza mwendo. Pontien alirudi akakaa palepale.

— Maji ukiyavulia nguo shurti uyaoge, alisema Profesa.

Pembeni, juu ya furushi lake, alikuwa amekaa mama mmoja mgeni, Minza, anayesubiri treni. Muda wote alikuwa anawasikiliza.

— Samahani, kaka, alisema. Miguu walikwambia usisimamishe. Mkono nao walikukataza kuuinua umpungie bibi?

Lyamba alikohoa. Cletus aliinamisha dele la kahawa, likatoa machicha.

— Mkono hawakuukataza, dada, alisema Pontien mwishowe, na machozi yakamtoka mbele za watu.