Sanduku la Kwenye Kona

Benchi letu liko kati ya mlango wa kinyozi na dirisha la dobi. Alasiri, dirisha likifunguliwa, mvuke wa pasi hututambalia mabegani kama wingu lililopotea njia. Wakaaji ni wanne: Kinyozi mwenyewe, akikosa wateja, Shangazi Pasi, ambaye ndiye dobi, naye huongelea dirishani, seremala tunayemwita Rula kwa kuwa hupima kila kitu, hata uvivu wa watu, na mimi, niliyekaribishwa kwa kazi ya kuwasomea maandishi madogo kwenye chupa za dawa za nywele. Siku hiyo kahawa ilikuwa ya moto, na Kinyozi alikuwa ameshika simu ya marehemu mkewe, kidole gumba kikiwa juu ya kitufe cha kuanza mchezo upya, bila kukigusa.

Mchezo wenyewe ni wa fumbo. Mtu mdogo yumo chumbani na masanduku, anayasukuma mpaka kila moja likae kwenye alama yake, ndipo mlango ufunguke. Kusukuma anaweza, kuvuta hawezi. Mke wa Kinyozi alikuwa amefika chumba kimoja, akasukumia sanduku kwenye kona. Basi, halitoki tena.

Rula: Halitoki kivipi? Si lisukumwe!

Mimi: Ili ulisukume lazima usimame nyuma yake, Fundi. Na nyuma yake ni ukuta, pande mbili.

Rula: Kona yenyewe umeipima? Mimi natengeneza kabati tangu sijaota ndevu, sijaona kona iliyokaa sawasawa. Upenyo upo tu.

Shangazi Pasi: Upenyo wa nini, we Rula! Hicho ni kioo cha simu!

Kinyozi: Nataka nimmalizie chumba chake. Lakini nikianza upya, masanduku yote yanarudi mwanzo. Alivyoyapanga yeye, ndiyo basi tena.

Mimi: Hakuna kitufe cha kurudisha hatua?

Kinyozi: Kipo. Ila mchezo ukifungwa kinasahau. Niliufunga mimi, kule hospitali, siku ileile lilipoingia kona, nikiokoa chaji.

Shangazi Pasi alinyoosha mkono dirishani, akamwongezea Kinyozi kahawa.

Rula: Mimi michezo hii niliijaribu, nusura niirushe simu barabarani. Jibu limo, mtu kaliweka humo makusudi, halafu anakunyima! Huo si uchokozi?

Kinyozi: Hujui utamu wake, ndugu yangu. Unashinda unanyoa vichwa vya watu, kumbe kichwani mwako unasukuma masanduku. Halafu linakujia tu, kama jina la mtu uliyemjua zamani. Yeye lilikuwa likimjia bafuni. Anatoka na povu masikioni: "Leta simu! Leta simu kabla halijanitoka!"

Tulicheka, na yeye akacheka, macho yakiwa kwenye kioo.

Shangazi Pasi: Mimi nawaambia, yule mtu mdogo si mjinga. Simu ikizimwa, anayavuta masanduku yake taratibu. Nani anamwona?

Rula: Mbona la kwenye kona kaliacha?

Shangazi Pasi: Ndilo analokalia akichoka. Wewe usukume tangu asubuhi, hutataka pa kukaa?

Rula: Hapana. Nyuma ya ukuta ule kuna chumba kingine. Na humo kuna mtu mwingine, naye anasukuma la kwake kuja huku. Yakigusana, ukuta unaachia wenyewe.

Shangazi Pasi: Na huyo wa upande wa pili, simu yake kaishika nani?

Rula alimtazama Kinyozi, akanywa kahawa.

Wakati wote huo mama mmoja alikuwa amesimama dirishani akingoja mashuka yake. Hatukuwa tukimfahamu.

— Samahani, baba, alisema. Marehemu alijua kwamba likiingia kona halitoki?

— Alijua sana, mama. Yeye ndiye aliyenifundisha.

— Na aliendelea kukifungua chumba hichohicho?

— Kila siku, mpaka mwisho. Hata mkono ulipokuwa hauna nguvu.

— Sasa mbona hakuanza upya?

Shangazi Pasi alibaki na pasi hewani, mvuke ukimtoka mkononi. Mimi nilizipitia kanuni zote za mchezo ule ninazozijua, nikaanza tena kuzipitia, na hakuna hata moja iliyogusa jambo hilo.

Kinyozi aliondoa kidole kwenye kitufe. Kisha, kwa woga wa mtu anayeingia chumba chenye mtu aliyelala, akamsogeza mtu mdogo hatua moja, pale sakafu ilipo tupu. Halafu nyingine. Hakugusa sanduku lolote. Tuliinama wote juu ya kioo, mama wa mashuka katikati yetu, tukimtazama yule mtu mdogo anavyozunguka.

— Kumbe, Kinyozi alisema polepole, humu ndani ni pakubwa. Alikuwa akija kutembea tu.